Melankolia: neno lilikotoka na linachosema (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Nafasiri riwaya na mashairi, na katika kazi hiyo hakuna neno lililonisumbua kama hili. Wanafunzi wa fasihi huniuliza habari zake, wasomaji huniuliza, na wafasiri wenzangu hunipigia simu wakiwa wamekwama kwenye sentensi moja tu yenye neno hilo. Nimeyakusanya maswali yao hapa.

Melankolia ni nini hasa?

Ni hulka ya mtu ambaye moyo wake umeelekea gizani bila kusukumwa na msiba wowote. Nasisitiza hulka. Huzuni huja ikaondoka, na mwenye nayo akiulizwa sababu ataitaja. Melankolia hukaa na mtu. Anaamka nayo siku njema kama anavyoamka nayo siku mbaya. Huwa mkimya, mawazo yake yako mbali, si mwepesi wa kufurahi wala wa kusahau. Hata hivyo mara nyingi huona kina cha mambo ambacho wachangamfu hukipita mbio, na hapo ndipo waandishi wanapompenda.

Kuna matumizi ya pili yaliyozaliwa na hayo ya kwanza: hali ya muda, au hata sifa ya kitu. Jioni inaweza kuwa na melankolia, vilevile sauti ya filimbi au nyumba tupu. Katika matumizi haya neno hubeba utamu kidogo ndani ya uchungu, na mtu anaweza kukaa na hali hiyo bila kutaka iondoke upesi.

Neno limetoka lugha gani?

Kigiriki. *Melas* ni eusi, *kholē* ni nyongo. Nyongo nyeusi, basi.

Huhitaji kujua Kigiriki ili kuona kwamba maneno hayo umeshakutana nayo. Rangi inayoipa ngozi na nywele weusi wake huitwa melanini, na hapo ndipo alipo *melas*. Daktari akikupima mafuta ya damu anakutajia kolesteroli, na hapo yupo *kholē* pamoja na neno jingine lenye maana ya kitu kigumu, kwa sababu dutu hiyo ilionekana kwanza ndani ya vijiwe vya nyongo katika karne ya 18. Kwa hiyo mtu anayezijua melanini na kolesteroli tayari anazo nusu mbili za melankolia mkononi.

Warumi hawakulikopa tu neno la Wagiriki, walilitafsiri pia: *atra bilis*, nyongo nyeusi kwa Kilatini. Kutokana na tafsiri hiyo Kiingereza kina neno lake la vitabuni, *atrabilious*, kwa mtu mwenye uso uliokunjamana na roho nzito.

Nyongo na moyo vinahusiana vipi? Na hiyo nyongo nyeusi ipo kweli?

Haipo. Ini hutengeneza nyongo moja tu, nayo ni ya rangi ya manjano inayoelekea kijani. Lakini kwa zaidi ya miaka 2000 matabibu waliamini kwamba iko nyingine, nyeusi.

Imani hiyo ilipata umbo katika maandishi ya shule ya Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, karne ya 5 na ya 4 KK. Andiko mojawapo linalohusu maumbile ya binadamu, ambalo huhesabiwa kuwa la mkwewe Polybus, linasema mwili una vimiminika vinne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Vikiwa katika mizani, mtu ana afya. Kimoja kikizidi, anaugua. Nyongo nyeusi ilisemwa kuwa baridi na kavu. Ilifungamanishwa na udongo, na majira ya kupukutika majani, na baadaye ikapewa makao kwenye wengu, yaani bandama. Katika maandishi hayohayo ya Hippocrates kuna kauli fupi kwamba woga au unyonge wa moyo ukidumu muda mrefu, hiyo ni melankolia. Kwa maoni yangu neno la kushika hapo ni *ukidumu*. Walishaona tangu zamani kwamba tatizo halikuwa ukubwa wa huzuni tu. Lilikuwa pia kutokwisha kwake.

Walipata wapi wazo la kimiminika kisichokuwepo? Daktari wa Uswidi, Robin Fåhræus, alitoa maelezo ninayoyapenda. Damu iliyotoka sasa hivi ikiachwa itulie kwenye glasi, hujigawa yenyewe. Chini kabisa hukaa bonge zito, jeusi kama lami. Juu yake damu nyekundu. Kisha utando mwembamba mweupe, na juu kabisa maji ya manjano. Tabaka nne, rangi nne. Tabibu wa kale aliyekuwa akitoa damu wagonjwa siku nzima, akiiweka kwenye bakuli na kuichungulia, alikuwa na nadharia yake yote mbele ya macho. Ni dhana tu, lakini ukishaiwaza glasi hiyo huwezi tena kuwaona wale watu kama wajinga.

Hulka nyingine tatu ni zipi?

Galen wa Pergamon, tabibu wa karne ya 2, na waliomfuata ndio walioipanga elimu hii ya hulka. Aliyezidiwa na damu ni mchangamfu na mwepesi wa kupenda watu. Mwenye balghamu nyingi ni mtulivu, mzito wa kuinuka. Wa nyongo ya njano ni wa hamaki. Wa nyongo nyeusi ndiye huyu wetu.

Je, Kiswahili kina masalia yoyote ya elimu hii?

Kina, na nashangaa jinsi tunavyoyatamka kila siku bila kuyatambua.

Matabibu walioandika kwa Kiarabu waliipokea elimu ya Wagiriki wakaikuza, na msamiati wao ukasafiri. Neno *balgham* la Kiarabu limetokana na *phlegma* la Kigiriki, nalo likafika kwetu kama balghamu. Leo balghamu ni kohozi zito la kifuani tu. Zamani lilikuwa robo ya mwanadamu.

*Safra*, yaani ya njano, lilikuwa jina la nyongo ya njano. Kwetu limekuwa safura, ugonjwa wa minyoo unaomfanya mtu apungukiwe damu na kupauka. Kimiminika kimesahaulika, jina limebaki kwa maradhi.

Nyongo nyeusi je? Kwa Kiarabu iliitwa *sauda*, yaani nyeusi. Shina hilo ndilo lililozaa jina la nchi ya Sudani, na limejificha pia ndani ya habasoda, punje nyeusi. Lakini sauda yenyewe, kama jina la hulka ya giza, haikupata makao katika Kiswahili cha kawaida kama walivyopata wenzake. Tumebaki na balghamu na safura, na yule wa nne, mzito kuliko wote, hatunaye. Nadhani ndiyo maana wafasiri tunahangaika: jedwali letu lina tundu mahali hasa ambapo neno hili lilipaswa kukaa.

Hata tabia ni neno la ukoo huu. Kwa Kiarabu lina maana ya maumbile, na matabibu walilitumia kwa hizi asili nne za mwili kabla sisi hatujalitumia kwa mwenendo wa mtu.

Neno lilirudije Ulaya?

Kwa mlango wa Afrika Kaskazini. Ishaq ibn Imran, tabibu wa Qayrawan katika Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya *malikhuliya*, ambalo ndilo neno lilelile la Kigiriki kwa matamshi ya Kiarabu. Katika karne ya 11 Constantine Mwafrika, mtu wa Afrika Kaskazini aliyekuwa mtawa katika monasteri ya Monte Cassino nchini Italia, alikigeuza kuwa Kilatini. Ibn Sina naye aliipa melankolia nafasi yake katika kitabu chake kikubwa cha tiba, na hicho kilisomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa. Anayesema melankolia ni neno la Kizungu tupu hajalifuata njia nzima.

Sayari ya Zohali inaingiaje hapa?

Kwa polepole yake. Miongoni mwa sayari zinazoonekana kwa macho matupu, Zohali ndiyo inayojikokota kuliko zote: huchukua zaidi ya miaka 29 kulizunguka jua. Watu wa kale waliiona iko mbali, imefifia, inasogea kizee. Abu Ma'shar, mnajimu wa karne ya 9 aliyefanya kazi Baghdad, aliitaja kuwa baridi, kavu, chungu na nyeusi, sifa zilezile za nyongo yetu. Basi ikasemwa kwamba aliyezaliwa chini ya Zohali huwa mtu wa melankolia. Kiingereza humwita mtu wa namna hiyo *saturnine*, kutokana na jina la sayari hiyo kwa Kilatini, na mcheshi humwita *jovial*, yaani mtu wa Mshtarii. Wanaalkemia nao waliipa madini ya risasi jina la Zohali kwa uzito wake, na mpaka sasa Kifaransa huita sumu ya risasi mwilini *saturnisme*.

Kwa nini wasanii na wanafikra huihusudu?

Lawama, kama ni lawama, ni ya swali moja la kale. Katika mkusanyo wa maswali uliohifadhiwa kwa jina la Aristotle kuna linalouliza kwa nini watu wote waliovuka wenzao katika falsafa, siasa, ushairi au sanaa wanaonekana kuwa wa melankolia. Wanatajwa Empedocles, Socrates na Plato. Jibu linafananisha nyongo nyeusi na divai: kidogo humfanya mtu aseme sana, nyingi humwangusha. Ikiwa baridi kupita kiasi huleta uzito na woga, ikipata joto huleta wazimu, na ikikaa katikati humtoa mtu wa pekee.

Marsilio Ficino, mwanafalsafa wa Florence, aliyeamini kwamba alizaliwa chini ya Zohali, alilifufua wazo hilo mwaka 1489, na hapo melankolia ikaacha kuwa aibu ya tabibu ikawa karibu fahari ya msomi.

Kisha mwaka 1514 Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, akachonga kwenye bamba la shaba picha ambayo naamini inaeleza kuliko vitabu. Mwanamke mwenye mabawa makubwa ameketi chini. Zana zimetapakaa: randa, msumeno, misumari. Mbwa aliyekonda amejikunja. Ukutani pana kengele, mizani na kipimasaa cha mchanga, na jedwali la namba 16 ambalo ukijumlisha mstari wowote, wa kulala au wa kusimama, unapata 34. Mstari wa chini una 15 na 14 pamoja katikati, ndio mwaka wenyewe. Anayo bikari mkononi lakini hapimi kitu. Ana mabawa na haruki. Mkono wa pili umekunjwa ngumi, na shavu limeegemea ngumi hiyo.

Kiswahili kinaliita pozi hilo kwa maneno mawili: ameshika tama. Tama ni shavu, na kushika tama ni kuegemeza shavu mkononi kwa huzuni au kwa mawazo. Wanahistoria wa sanaa huandika aya ndefu kulieleza, wakilifuatilia tangu sanamu za kale za waombolezaji, nasi tunalo tayari. Ninapomweleza mwanafunzi melankolia siku hizi, naanza na picha hiyo na maneno hayo. Huelewa kabla sijafika kwenye nyongo.

Je, melankolia ni sawa na sonona?

Hapana, na nawaomba msizichanganye. Sonona ni ugonjwa wenye dalili zinazojulikana na matibabu yanayojulikana. Madaktari waliachana polepole na jina la melankolia, na mwanzoni mwa karne ya 20 Kiingereza kikaelekea kwenye neno *depression*, lenye asili ya Kilatini ya kukandamiza chini. Hata hivyo mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani bado unataja sonona yenye sifa za kimelankolia: mgonjwa haguswi hata na jambo jema, huamka mapema mno alfajiri, hali yake ni mbaya zaidi asubuhi, hamu ya chakula hupotea, na hujilaumu kupita kipimo.

Uzuri wa neno la fasihi usimfiche mgonjwa. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila kufurahia chochote, halali usingizi, hali chakula, au anasema afadhali asingekuwepo, asiambiwe ana hulka ya kishairi. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya, na kama anazungumzia kujiua apelekwe sasa hivi na asiachwe peke yake.

Na akedia ni nini?

Ndugu wa melankolia upande wa watawa. Evagrius, aliyeishi katika jangwa la Misri karne ya 4, aliiita pepo wa mchana. Anasema humfanya mtawa aone jua limesimama na siku ina saa 50, awe anachungulia dirishani mara kwa mara kuona kama saa tisa, wakati wa kula, imekaribia. Msomaji wa Kiswahili halazimiki kugeuza saa hiyo, kwa maana wao nao walihesabu kuanzia mapambazuko. Tofauti ni kwamba akedia ni uchovu wa roho kuhusu wajibu wake, na ilihesabiwa kuwa dhambi. Hakuna aliyehukumiwa kwa sababu ya nyongo.

Kwa nini tusiseme tu huzuni? Au majonzi? Au simanzi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, nami nililijibu vibaya kabla sijalijibu vizuri. Katika riwaya moja ya mwanzo niliyoifasiri kulikuwa na mzee aliyetajwa tangu ukurasa wa kwanza kuwa wa melankolia. Hakufiwa, hakuachwa, hakufilisika. Nikaandika: "Alikuwa mzee mwenye huzuni." Mhariri akanirudishia mswada, na pembeni mwa sentensi hiyo ameandika kwa penseli: "Amefiwa na nani?" Alikuwa sahihi kabisa. Neno langu lilimwahidi msomaji msiba ambao kitabu hakikuwa nao.

Huzuni ni jina la jumla, nayo hudai sababu. Majonzi yana harufu ya msiba. Kihoro ni pigo la ghafla, la kumpoteza mtu. Ukiwa ni wa mahali palipoachwa, au wa aliyeachwa. Sononeko huuma ndani kwa ndani, lakini bado kuna kilicholiuma. Jitimai ni zuri kwa ushairi, ila uzito wake ni wa huzuni kubwa mno, na melankolia inaweza kuwa nyepesi kama ukungu. Simanzi ndiyo inayosogea karibu, kwa sababu ya kitenzi chake: simanzi hutanda. Kinachotanda hakina ncha ya kushikia, na melankolia iko hivyo.

Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, katika insha yake ya mwaka 1917, aliigusa tofauti hii kwa namna yake: kwa anayeomboleza ulimwengu ndio unaokuwa maskini na mtupu, ilhali kwa mwenye melankolia ni nafsi yake mwenyewe.

Siku hizi naandika "mtu mwenye hulka ya simanzi" pale msimulizi anapoeleza mhusika kwa mara ya kwanza. Baadaye "moyo wake mzito" hutosha. Naliacha neno melankolia lenyewe panapohusika tiba ya kale, unajimu au sanaa, mahali ambapo ukiondoa nyongo unaondoa maana. Yule mzee alichapishwa akiwa na hulka ya simanzi.

Nyongo, unyonge na kunyong'onyea vina asili moja?

Kufanana kwa sauti si ushahidi, na *ng'* ya kunyong'onyea si *ng* ya nyongo. Msijenge hoja hapo. Mkitaka nyongo yenye maana ya ndani, ipo katika usemi wa mambo kutumbukia nyongo, yaani kuharibika. Uchungu upo, lakini ni wa mambo, si wa hulka.

Neno liandikwe vipi?

Melankolia, lenye upatanisho wa kawaida wa maneno ya kukopwa: melankolia hii, melankolia yake imemzidi. Kwa sifa, "-a kimelankolia". Nashauri msiunde nomino ya mtu kwa kiambishi. "Mtu wa melankolia" husomeka vizuri.

Je, mtu wa melankolia hucheka?

Hucheka, na kuna kisa cha kale juu ya hilo. Kimo katika barua zilizotungwa kwa jina la Hippocrates, nazo ni kazi ya fasihi, hazisimulii tukio lililotokea. Watu wa mji wa Abdera wanamwita tabibu huyo mkuu aje kumtibu Democritus, mwanafalsafa wao, kwa kuwa anacheka kila kitu, hata misiba, na wao wamekwisha amini kwamba ni mwendawazimu. Hippocrates anafika na kumkuta chini ya mti wenye kivuli, peku, amekonda, kitabu kiko magotini. Kumzunguka wamelala wanyama waliopasuliwa. Anainama juu yao, anaandika, anasimama, anarudi kuwatazama ndani. Tabibu anamuuliza anaandika juu ya nini. Juu ya wazimu, anajibu. Na hao wanyama amewapasua kwa sababu anatafuta nyongo, asili yake na mahali inapokaa.